Mstari wa Mwisho kwenye Faili la Namba

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno. Mkurugenzi alisimama akasema Bi Oresta ni mfano wa uvumilivu, miaka yote hiyo hajapandisha sauti hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa na saa yangu mapajani nikiwaza kwamba bwana huyu hanijui kabisa. Sikuwa mvumilivu. Nilikuwa na hasira, tena ile inayofunga mdomo na kuendelea na kazi. Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha kompyuta mliniomba niwaachie maandishi yatakayowasaidia. Habari za vyeo mtazikuta kwenye jalada langu kule utumishi. Hapa nitaandika habari za faili moja, na za watu waliopita karibu nalo.

Niliingia bohari ya dawa nikiwa mpiga chapa. Bohari ile ilitoa dawa kwa hospitali na zahanati za juu hapa Ufipa, na pia za kule bondeni, Milepa na jirani zake, ambako watu wa Sumbawanga hatupendi kwenda kwa sababu ya joto. Siku yangu ya kwanza nilikuta mashine yangu ya chapa imeondolewa mezani. Mahali pake palikuwa na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na nyuma yake mzee mmoja mwembamba, amevaa sweta mbili, anafunga waya kwa koleo.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia.

"Marahaba, binti. Unajua kusoma namba bila kuziruka?"

Huyo ndiye Mzee Kassimu. Kwao Tabora, lakini ujana wake wote ulikuwa kwenye swichibodi za simu, na baridi ya Sumbawanga hakuizoea mpaka mwisho. Serikali ilipoleta kompyuta boharini, mtu pekee mjini aliyejua waya alikuwa yeye, basi wakamhamisha. Kompyuta ilikuwa moja kubwa, inaendeshwa kwa mfumo uitwao Unix, na ndani yake ndimo zilimokaa kumbukumbu zote za dawa: kopo gani liko rafu gani, linaharibika lini, limekwenda zahanati ipi. Sisi tulikuwa na skrini tu. Kila kitu kilikuwa kule kwenye mashine moja, kwenye chumba cha pembeni chenye feni tusiyoihitaji.

Alinifundisha kama wanavyofundishwa watu wa simu. Mashine moja, akasema, ina milango mingi, na kila mlango una namba yake. Wenyewe wanaiita poti. Kazi ya barua ina mlango wake, kazi ya kuhamisha mafaili ina wake, na kumbukumbu zetu za dawa zina wake, namba 1528. Lakini programu haisumbuliwi na namba. Programu inaita jina, dawadb, na mashine inakwenda kuangalia kwenye faili liitwalo services, lililo ndani ya folda ya etc, ili ijue jina hilo ni namba ngapi. Jina upande wa kushoto, namba upande wa kulia, basi.

"Ni kitabu cha simu tu," alisema. "Ila kila mashine inabeba kitabu chake. Ukibadilisha namba kwenye kimoja, vingine havina habari."

Alikuwa na kaunta buku lenye jalada la bluu. Kila jina na kila namba aliandika humo kwa mkono, pamoja na tarehe na nani kaandika. Nilimwona mshamba. Baadaye nilinunua la kwangu, na nikamaliza matano.

Kisha likaja soko huria. Mimi sikulilaani mwanzoni. Kabla yake, ribboni ya printa tuliingoja miezi, zile za zamani tukawa tunazipaka wino wa mihuri. Mipaka ilipolegezwa, ribboni na disketi zikaanza kuingia kutoka Zambia kupitia Kasesya, kwenye mabegi ya akina mama waliokuwa wanauza pia vitenge na mafuta ya kupaka. Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani ndio mambo yote yatakuwa hivyo.

Halafu bohari ikapewa kampuni iiendeshe. Walikuja na meneja wao, bwana mmoja mrefu aliyetembea na kalamu tatu mfukoni na hakuwahi kuandika na hata moja. Mwezi wa pili alipunguza watu. Mzee Kassimu alipewa barua ya mistari miwili. Alinikabidhi funguo za chumba cha mashine, akaniachia koleo, akachukua kaunta buku lake, akahamia Kasense kulima mahindi kwenye shamba la wakwe zake. Nilimwuliza meneja nani sasa ataangalia mtandao. Akaniambia, "Mtandao wa kisasa haumhitaji mtu, Bi Oresta. Unajiangalia wenyewe."

Meneja aliweka pia sheria mpya. Hakuna katoni itakayotoka stoo bila hati iliyochapwa na kompyuta. Msinielewe vibaya, sheria ile ilikuwa na sababu. Dawa zilikuwa zinatoka mlango wa nyuma na sote tulijua. Lakini alifuta kabisa vitabu vya hati za mkono. Akavikusanya, akavichoma uani mbele yetu, akatabasamu kama anayefungua shule.

Kisha akamleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Injinia Lugano. Kijana msafi, mwepesi wa maneno, ana laptopu ya kwanza niliyoiona kwa macho. Alileta kompyuta sita za Windows za kuweka mezani badala ya skrini zetu, na programu mpya ya kuchapia hati. Seva, yaani ile mashine kubwa ya chumba cha pembeni, ikabaki ile ile ya Unix, kwa kuwa kumbukumbu za dawa zilikuwa humo. Ile programu yetu ya zamani akaifuta. Nilimwuliza kwa nini asiiache walau mwezi mmoja.

"Dada, ukimwachia mtu njia ya zamani hatapita mpya," alisema.

Nilimwonyesha faili la namba. Nikamwambia kila kompyuta mpya itahitaji jina dawadb kwenye kitabu chake. Akacheka, akanifungulia Windows na kunionyesha kwamba na huko faili lipo, jina lile lile services, ila limezikwa mbali: ndani ya folda ya Windows, ndani ya system32, ndani ya drivers, ndani ya etc. Sijui nani aliamua kulificha hivyo. Akaandika jina na namba kwenye laptopu yake, akaita programu, hati ya kwanza ikachapwa. Meneja alipiga makofi. Ijumaa jioni Injinia alirudia kazi hiyo kwenye kompyuta moja mpya, akalinakili faili kwenye disketi, akapita meza hadi meza akilibandika kwenye zile tano nyingine, kisha akafunga mipangilio ya programu kwa neno la siri. Hakujaribu hata moja. Basi lake lilikuwa linaondoka Jumamosi alfajiri. Jumatatu tukahamisha meza. Jumanne tukafungua.

Jumanne hiyo asubuhi na mapema, kabla sijavua koti, Landrova ya kituo cha afya cha Milepa ilikuwa tayari getini. Ilipanda mlima usiku kucha. Aliyeshuka alikuwa tabibu wa kule, Zeno, mtu wa kwetu, tumesoma naye shule ya misheni. Alikuwa na shati jepesi la bondeni, meno yanagongana kwa baridi. Tukasalimiana kwa Kifipa, haraka haraka, kisha akageukia Kiswahili kama tunavyofanya mambo yakiwa ya kazi.

"Dada, ni kipindupindu. Wamelala kwenye mikeka, mpaka nje. Dripu zimeniishia tangu jana mchana. Nipe katoni zote mlizonazo."

Dripu zilikuwepo. Nilijua rafu yake. Nilikaa kwenye kompyuta, nikaandika ombi, nikabonyeza kuchapa. Ikajibu kwamba jina la huduma halijulikani. Nikahamia kompyuta ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, zote sita.

Nilikwenda kwa meneja. Nikamwambia nitaandika hati kwa mkono, nakala tatu, nitaweka saini yangu, kompyuta ikipona nitaiingiza.

"Hapana," akasema.

"Meneja, watu wanakufa kule bondeni."

"Na mimi ndiye niliyekuwekea kompyuta sita ili wasife. Tengeneza."

"Basi mpigie simu mganga mkuu wa mkoa akuruhusu."

"Hii ni bohari ya kampuni, si ya mganga mkuu. Tukivunja utaratibu siku ya kwanza, hatutakuwa nao siku ya pili. Zama za kuandika kwa mkono zimekwisha."

Zeno alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, amesikia yote. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za stoo, mikono katikati ya magoti.

Sasa nitawaeleza nilichofanya, kwa sababu hii ndiyo sehemu itakayowasaidia, na ndiyo inayonichoma. Nilianza na seva. Nilifungua faili la Unix: dawadb, 1528, vizuri. Nikaenda kwenye kompyuta moja ya Windows na kuigongea seva kwa namba tupu, 1528. Ikaitika. Nikaigongea kwa jina. Kimya. Basi waya ni mzima, seva ni nzima, kumbukumbu ni nzima, kilichovunjika ni njia ya kutoka kwenye jina kwenda kwenye namba. Ningeweza kuipa programu namba moja kwa moja, lakini mipangilio ilikuwa imefungwa kwa neno la siri la Injinia. Nikampigia Dar. Simu ilipatikana saa nne.

"Mimi niliacha kila kitu sawa, dada," alisema. "Si mliona hati ikichapwa? Hilo kopo lenu la Unix ndilo limezeeka."

"Seva inaitika kwa namba. Nipe neno la siri."

"Neno la siri nampa meneja tu, kwa barua. Ndivyo mkataba unavyosema."

Akakata.

Nikarudi kwenye faili la Windows. Mstari wetu ulikuwepo, wa mwisho kabisa chini. Nilisoma herufi kwa herufi. Hakukuwa na herufi kubwa iliyojipenyeza, maana jina kwa herufi kubwa ni jina jingine. Namba ilikuwa sawa. Alama ya kuifanya mashine iruke mstari haikuwepo mbele yake. Niliangalia kama Windows imelibandika jina la faili mkia wa txt na kuuficha, maana ina tabia hiyo. Hapana. Nilichukua jina jingine lililokuwemo kwenye faili tangu kiwandani, nikaliita, likaitika. Kwa hiyo kompyuta inasoma kitabu, inasoma majina yote, isipokuwa letu. Nililitazama jina lile mpaka macho yakauma. Jioni meneja alifunga milango saa kumi na moja kama kawaida. Zeno akalala ndani ya Landrova.

Jumatano kulipopambazuka nilipanda baiskeli nikaenda Kasense. Mzee Kassimu nilimkuta shambani anapalilia, na zile sweta zake mbili. Nilianza kulia kabla ya salamu, kwa hasira. Alinisubiri nimalize, kisha nikamsimulia yote.

"Laptopu yake ilichapa?" akauliza.

"Ilichapa."

"Kwenye faili la laptopu, chini ya jina letu kulikuwa na majina mengine?"

Nikafikiri. Yalikuwepo, ya wateja wake wengine.

"Na kwenye hizi sita, letu ndilo la mwisho?" akauliza tena.

"Ndilo la mwisho."

"Alipomaliza kuandika namba, alibonyeza kitufe cha Enter?"

Nikamwangalia.

"Mstari usiofungwa si mstari, binti. Macho yako yanauona, mashine haioni. Inasoma mpaka inapokuta mwisho wa mstari, ukikosekana inautupa. Nenda ukabonyeze Enter, hifadhi, funga."

Nilimwomba apande nyuma ya baiskeli tuje wote. Alikuja. Getini mlinzi, kijana aliyemfahamu vizuri na aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, akaweka fimbo mbele yake. "Samahani mzee. Waliopunguzwa hawaruhusiwi." Nilibishana naye, hakulegeza; Mzee Kassimu akasimama nje ya waya wa uzio, mimi nikaingia mbio. Nilifungua faili, nikapeleka mshale mwisho wa namba, nikabonyeza Enter. Nikahifadhi. Nikaita programu. Printa ikaanza kupiga kelele. Kitufe kimoja. Nilifanya hivyo kwenye zote sita huku wabebaji wakipakia katoni. Saa nne asubuhi Landrova ilikuwa inashuka kwenda bondeni. Nilipotoka getini kumshukuru mzee, alikuwa amekwisha kuondoka kwa miguu.

Baada ya siku kumi Zeno alirudi kuchukua klorini. Nilimwuliza. Waliokufa katikati ya Jumanne asubuhi na Jumatano mchana walikuwa wanne, na alinitajia majina yao bila karatasi. Mmoja alikuwa mama wa Kisukuma aliyehamia na mifugo, anaitwa Ng'washi. Alikuwa anazungumza vizuri Jumanne jioni, akamwuliza muuguzi kama gari limepanda mlima salama. Jumatano saa tatu akafa. Saa tatu mimi nilikuwa getini nabishana na mlinzi.

Injinia aliandika ripoti. Ilisema hitilafu ilitokana na seva ya zamani na mtumishi asiye na mafunzo. Meneja aliniita nitie saini kwamba nimeisoma na kuikubali.

"Nimeisoma," nikasema.

"Na kuikubali."

"Mstari wa mwisho haukufungwa. Andikeni hivyo nitasaini."

"Bi Oresta, hii ni ripoti ya kitaalamu, si mashairi. Nani ataelewa kwamba bohari nzima ilisimama kwa kitufe cha Enter?"

"Wa Milepa wataelewa. Waandikieni wao."

Alinipa barua ya onyo, na ninayo mpaka leo. Kampuni ilipoondoka miaka michache baadaye, bila kuaga, nilikuta katika makabati yao ripoti ile imewekewa saini na mtu mwingine mahali pangu. Siku bohari iliporudishwa serikalini, jambo la kwanza nililoomba lilikuwa vitabu vya hati za mkono. Viko kwenye droo ya pili, mnavijua, na mmezoea kunicheka kwa ajili yavyo. Siwaombi mwache kucheka. Nawaomba msivitoe.

Tangu siku ile sijasakinisha kompyuta, iwe ya mfumo gani, bila kuketi kwenye hiyo hiyo na kuita jina mwenyewe. Sikubali kuambiwa imefanya kazi kwenye nyingine. Mmenisikia nikisema hivyo kwa sauti ndogo, mkadhani ni upole.

Limebaki jambo moja ambalo mkurugenzi asingeweza kulijua. Jumanne ile, saa saba, meneja alikwenda kula. Nilipita ofisini kwake kutafuta disketi, mlango ulikuwa wazi. Ufunguo wa stoo ulikuwa unaning'inia msumarini nyuma ya kiti chake. Stoo ilikuwa hatua ishirini, Landrova pembeni yake, mlinzi yuko getini upande wa pili. Niliutazama. Kisha nikachukua disketi yangu nikarudi kwenye kompyuta, kwa sababu nilikuwa nimekaribia, nilijiambia, nusu saa nyingine nitakuwa nimelijua kosa. Nilitaka kuwaonyesha kwamba nilikuwa sahihi. Nilimchukia meneja, nilimchukia Injinia, na niliwatii wote wawili.

Mwaka jana nilikutana na Zeno sokoni mjini. Naye amestaafu, anatembelea fimbo. Tulinunua kunde kwa muuzaji mmoja, tukakaa kwenye benchi lake. Nikaona nikimaliza kazi bila kumwambia nitakuwa sawa na walioandika ile ripoti. Nikamweleza habari za ufunguo, zote, hadi msumari.

Alikuwa anachambua kunde kiganjani mwake, anatupa mbovu.

"Dada Oresta," akasema mwishowe, "nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za stoo, dirisha la ofisi ya meneja liko wazi mbele yangu. Na mimi niliuona."